Bastola ya Pili ya Bi Ardith

Kwa wiki kadhaa hapakuwa na mtu katika mji wetu wa Tallow ambaye Bi Ardith Pruett hakumwomba shauri. Aliwauliza kina mama wa darasa la Biblia, akamuuliza msusi wake, akamuuliza hata daktari aliyekuwa akimkunjua vidole kimoja kimoja kutazama vilivyovimba. Je, anunue bastola ya pili ya kutembea nayo, au abaki na ile ile moja? Na kila mtu alikuwa na jibu. Huku kwetu kusini mwa Alabama mtu anaweza kusitasita ukimuuliza habari za mbinguni, lakini ukimuuliza habari za bastola atavuta kiti na kukaa.

Msimdhanie vibaya. Bi Ardith hakuwa mgomvi wala mtu wa kuota vita. Alikuwa mjane wa makamo, mnene kidogo, mwenye kicheko cha kuambukiza, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake aliendesha basi la shule. Nusu ya watu wazima wa kaunti hii walipanda basi lake wakiwa na kamasi puani. Sifa yake ilikuwa moja: hasahau kitu. Mtoto wa mwisho akishateremka, Bi Ardith alizima injini, akatembea mpaka kiti cha nyuma kabisa, akiinama na kuchungulia chini ya kila kiti. Wenzake walifanya hivyo kwa kutupa jicho tu. Yeye aliinama. Aliokota masweta, vyombo vya chakula, meno yaliyong'oka, na siku moja mtoto mzima aliyepitiwa na usingizi. Madereva wenzake walimtania kwamba angeweza kuokota hata dhambi ya mtu chini ya kiti akamrudishia mwenyewe kesho yake.

Bastola yake ya kwanza alipewa na marehemu mumewe, Hoyt. Ilikuwa rivolva, ile aina yenye kigurudumu cha risasi kinachozunguka. Aliivaa kiunoni upande wa kulia, ndani ya ala ya ngozi, blauzi juu yake, akaenda nayo kununua maziwa, akaenda nayo kanisani, kama mtu mwingine anavyovaa saa. Taabu ilikuwa vidole. Baridi yabisi ilimwingia mpaka akaacha basi, na triga ya rivolva, ile inayovutwa kwa kidole kufyatua, ni ngumu. Kila alipokwenda nyuma ya banda kufanya mazoezi ya kulenga makopo, ilimbidi avute kwa vidole viwili huku ameuma meno. Sasa bastola usiyoweza kuifyatua ni ya nini? Ni mzigo wa kiunoni tu.

"Nunua, dada," Bi Nell, jirani yake wa benchi kanisani, alimwambia walipoketi mezani na kina mama wa darasa la Biblia. "Mimi ninayo ya mkoba, ninayo ya gari, na ninayo ya nguo za Jumapili."

"Ya nguo za Jumapili?"

"Gauni lina mkanda? Utaichomeka wapi? Unaivaa pajani, ndogo, hata mchungaji hajui."

"Mchungaji mwenyewe anayo kifundoni mwa mguu," akadakia mwingine, na meza nzima ikaangua kicheko.

Aliyekataa alikuwa mmoja tu, bintiye Janelle, muuguzi katika zahanati ya mjini. Janelle naye si kwamba ni adui wa bastola. Alikua akiziona juu ya jokofu kama wengine walivyokua wakiona mitungi ya kachumbari.

"Mama, hiyo moja huwezi kuivuta," alisema. "Unataka mbili ili ushindwe mara mbili?"

"Ndiyo maana nataka nyepesi, mwanangu. Huelewi?"

"Naelewa sana. Nyepesi kwako ni nyepesi kwa kila mtu. Na Tinsley yuko kwako kutwa nzima kiangazi hiki."

Tinsley alikuwa binti wa Janelle, mwenye umri wa miaka sita, meno ya mbele hana, maswali hayaishi. Tangu Hoyt afariki, mtoto huyo, anayemwita bibi yake Nana, ndiye aliyekuwa akimfanya Bi Ardith ainuke kitandani asubuhi. Bila yeye nyumba ile ingekuwa kaburi lenye televisheni.

"Watoto wa kaunti nzima nimewabeba mimi," Bi Ardith akasema kwa hasira kidogo. "Ni lini umesikia nimesahau hata soksi ya mtu?"

"Sijasikia. Lakini nakwambia mapema usije ukasema sikukwambia. Siku bastola yako itakapokuwa mahali mkono wa Tinsley unafika, haji tena kwako. Sitanii, Mama."

"Haya, muuguzi mkuu," Bi Ardith akamjibu, na wakaachia hapo.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya wiki ya shule ya Biblia, ile wiki ya kiangazi ambayo kanisa hujaa watoto tangu asubuhi mpaka mchana. Bi Ardith alimpeleka Tinsley, akavaa aproni, akasaidia kuoka biskuti na kukoroga mchuzi mzito wa soseji kwa ajili ya walimu. Watoto walipoanza nyimbo akaaga, akapanda pikapu yake, akaenda moja kwa moja dukani kwa Royce Odom.

Royce huuza chambo cha samaki upande mmoja wa duka na silaha upande wa pili. Ni jitu la miraba minne lenye sauti ya kubembeleza, na zamani naye alipanda basi la Bi Ardith, kwa hiyo mbele yake huwa anasimama wima kama mtoto wa darasa la pili.

"Bi Ardith, karibu. Hatimaye umeamua?"

"Sijaamua kitu. Nimekuja kutazama."

"Wote husema hivyo." Royce akafungua kabati la kioo, akatoa bastola ndogo nyeusi, akaikagua kuhakikisha haina risasi, akailaza juu ya kitambaa. "Hii imetengenezwa kwa watu wenye vidole kama vyako. Ikoki, vuta hapa juu kuiandaa, uone."

Bi Ardith akaikoki. Ilikubali bila ubishi. Akaielekeza kwenye ndoo ya mchanga iliyowekwa pale kwa kazi hiyo, akaweka kidole, na kabla hajajua kama amevuta, ikalia kitu kikavu, tak.

"Umeona?" Royce akatabasamu. "Hii huivuti. Unaigusa tu."

Bi Ardith akacheka kwa furaha. Kidole hakikumuuma hata chembe. Akarudia tena, na tena, na moyoni akajiona amerudi kuwa yule mama aliyekuwa akigeuza basi refu kwenye njia nyembamba kwa mkono mmoja. Shauri lote la wiki zote zile likaisha pale pale. Angeinunua, Janelle aseme atakavyosema.

"Usikimbilie," Royce akasema. "Hebu toa ile yako tuziweke pamoja. Tuone kama ala hiyo hiyo itafaa, usije ukaingia gharama ya bure."

Mkono wa Bi Ardith ukaenda kiunoni wenyewe, ukainua upindo wa blauzi, ukaingia kwenye ala. Ala ilikuwa tupu.

Akapapasa tena. Akapapasa na upande wa kushoto, ambako maisha yake yote hajawahi kuweka kitu.

"Vipi?" Royce akauliza.

"Nimeiacha nyumbani," akasema, na uongo ule ulitoka bila kigugumizi.

"Aa, hiyo hutokea. Juzi jamaa mmoja kaiweka juu ya paa la gari, akaendesha hivyo hivyo mpaka kazini." Royce akacheka. "Nikuwekee hii?"

"Niwekee," akajibu, naye tayari ameshika kitasa cha mlango.

Ndani ya pikapu aliketi mikono juu ya usukani, akaanza kuirudisha asubuhi yake nyuma hatua kwa hatua, kama alivyozoea kurudi kiti cha nyuma cha basi. Kutoka nyumbani aliivaa, maana mkanda wa gari ulimfinya hapo. Jikoni mwa kanisa aliivaa, maana alijigonga nayo kwenye ukingo wa meza akamwaga unga. Kisha akaenda chooni. Na mtu mwenye rivolva kiunoni hawezi kushusha suruali hivi hivi, itaanguka sakafuni. Lazima aitoe kwanza na kuiweka mahali. Mahali penyewe, katika kile choo cha kike cha ukumbini, ni juu ya kasha la karatasi za chooni, kando ya goti. Aliiweka pale. Aliona kwa macho ya akili jinsi alivyoilaza, mdomo ukielekea ukutani. Jinsi alivyoichukua tena hakuona. Alichokiona ni mlango wa jikoni na mtu akimwita kwamba biskuti zinaungua.

Choo kile ndicho wanachotumia watoto.

Alipiga simu ofisi ya kanisa. Ikaita weee, mpaka ikakata. Akapiga tena, hakuna. Wakati huo katibu huwa uwanjani anagawa sharubati ya barafu. Akatia gari moto, akaingia barabarani bila kutazama, lori likampigia honi mpaka likapita. Njiani alimkuta naibu wa sherifu, polisi wa kaunti, ameegesha chini ya kivuli, dirisha wazi, anakula sandwichi. Angesimama. Angesema neno moja tu, na yule kijana mwenye redio angefika kanisani kabla yake. Bi Ardith akampungia mkono kwa adabu, akapita. Hapo mimi namlaumu, na sitaacha kumlaumu. Aibu ilimshika shingo. Aliona afadhali afike mwenyewe, aingie kimya, aitoe, na dunia iendelee bila mtu kujua. Moyoni alikuwa akiomba, wala si maombi ya maana, ni neno moja tu: isiwe, isiwe, isiwe.

Alipofika, watoto walikuwa ukumbini wanaimba wimbo wa kuruka-ruka, mikono juu, mikono chini. Alijitahidi asikimbie, maana bibi wa makamo akikimbia kanisani watu wote hugeuka. Akaingia chooni. Akasukuma mlango wa chumba kile cha mwisho.

Juu ya kasha la karatasi hapakuwa na kitu.

Alipiga magoti pale sakafuni, akachungulia nyuma ya choo, akachungulia chumba cha pili na cha tatu, akatia mkono kwenye pipa la taka akazungusha karatasi zilizolowa. Hakuna. Ukumbini wimbo ukafika mahali pa kupiga makofi, na kila kofi lilimgonga kifuani. Alisubiri mlio. Sijui kama mnaelewa maana ya kumsikiliza mtoto anayeimba huku unasubiri mlio.

"Unatafuta kitu, Bi Ardith?"

Alikuwa Lurleen Tate, katibu wa kanisa, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya mnyororo. Hakuonekana kushtuka. Alimwinua kwa kiwiko, akamwongoza mpaka ofisini, akafunga mlango kwa ufunguo, akavuta droo ya chini kabisa ya kabati.

"Chukua yako," akasema.

Bi Ardith akatazama. Ndani ya droo, juu ya taulo la jikoni, zililala bastola nne. Moja ilikuwa na mpini wa rangi ya waridi. Moja kubwa, ya mwanamume, ilikuwa imeanza kushika vumbi.

"Zote hizi..." Bi Ardith akashindwa kumaliza.

"Vyooni," Lurleen akasema, kama anayezungumzia miavuli. "Hiyo kubwa iko hapa tangu Pasaka. Mwenyewe hajaja hata kuuliza. Nadhani hajajua bado, au anajua na anaona haya, au amenunua nyingine. Hiyo ya waridi najua ni ya nani, ila nangoja aje mwenyewe, sitaki kumfedhehesha."

Bi Ardith aliona rivolva yake pale pembeni, akaishika, na akajikuta anacheka. Alicheka kwa sauti ya ajabu, machozi yakimtoka, na Lurleen naye akacheka kidogo, akamtolea risasi zake kwenye bahasha. Bi Ardith akafungua kigurudumu, akaanza kuzirudisha moja moja huku anazungumza. Hakufikiri. Mkono ulizoea. Alipomaliza akaichomeka kiunoni, akashusha blauzi, akahisi amevaa tena nguo zake zote.

"Mungu akubariki, Lurleen. Ni wewe uliyeiona?"

Lurleen akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hapana. Ni Tinsley."

Bi Ardith akavuta kiti, akaketi.

"Mwalimu wake alimkuta nayo pale kwenye ujia wa vyoo. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Akasema, hii ni ya Nana wangu, namrudishia. Mtoto mwema, Bi Ardith. Wengine wangeificha." Lurleen akainama, akashusha sauti. "Nimeongea na mchungaji. Tumeona tulimalize hapa hapa. Ukiwaambia wazazi, kesho nusu ya watoto hawaji, na wazee wa kanisa wataanza tena ule ubishi wa kubandika tangazo la kukataza bastola mlangoni. Hakuna aliyeumia. Janelle hana haja ya kujua."

Na Bi Ardith akakubali. Alikubali haraka, kwa shukrani, akamshika Lurleen mkono kwa mikono yake yote miwili. Katibu wa kanisa, mchungaji na bibi wa mtoto, watu watatu wanaopenda watoto kweli, walikubaliana kunyamaza. Mimi nilipoisikia sehemu hii nilishtuka kuliko niliposikia zile bastola nne. Droo ni droo. Lakini moyo wa mtu unafungwaje haraka hivyo?

Akamchukua Tinsley mapema, akamfunga mkanda kwenye pikapu, wakatoka. Mtoto alikuwa na rangi mashavuni na sharubati kwenye fulana. Walipita shamba la pamba la akina Odom, dirisha wazi, na Bi Ardith akaanza kupumua. Aliona jinsi mambo yatakavyokwenda. Atampikia tambi na jibini. Watalala kidogo mchana. Kesho atamnunulia baiskeli.

"Nana," Tinsley akasema. "Bastola yako ni mbovu."

"Mbovu?" Bi Ardith akajibu, macho barabarani. "Kwa nini, kipenzi?"

"Hailii. Nilivuta kwa kidole, haikulia. Nikavuta kwa vidole vyote, vyote kabisa, hivi." Akakunja uso kuonyesha. "Ilisogea kidogo tu, halafu nikachoka."

Bi Ardith alisikia maneno yale yakiingia, lakini hayakupata mahali pa kukaa.

"Ukavuta ikiwa imeelekea wapi, Tinsley?"

"Kwa Colby."

"Colby gani?"

"Colby! Wa darasa letu. Nilimwambia asimame pale mlangoni awe mtu mbaya, na mimi ni Nana. Akainua mikono. Halafu yeye akasema na yeye anataka kuwa Nana, ndipo mwalimu akaja." Akatazama nje. "Nana, tunaweza kupita kwenye duka la barafu ya kulamba?"

Pikapu iliondoka barabarani yenyewe, ikasimama kwenye nyasi. Bi Ardith hakumbuki kukanyaga breki. Alimtazama mtoto. Alitazama vile vidole vidogo vilivyonata sharubati, vilivyovuta mpaka vikachoka, na akili yake ikaenda kwa nguvu, bila ruhusa yake, mpaka kwenye kile kitambaa cha Royce, kwenye ile bastola ndogo nyeusi aliyoigusa tu ikalia. Kama angeamua wiki moja mapema. Kama asingekuwa mtu wa kuuliza-uliza kila mtu shauri. Ingekuwa ile ndiyo iliyolala juu ya kasha la karatasi.

Akafungua mlango, akatapika kwenye nyasi.

"Nana unaumwa?"

"Ndiyo, kipenzi. Kaa hapo hapo."

Ndipo alipohisi kitu kinamfinya kiunoni, akakumbuka. Aliijaza mwenyewe ofisini kwa Lurleen. Aliijaza, akaivaa, akaja kuketi nayo hapa, umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwa mtoto. Alishuka, akasimama nyuma ya pikapu akijaribu kufungua kigurudumu, na vidole, vile vile vilivyokuwa vimeijaza upesi upesi muda si mrefu, vikagoma kabisa. Alihangaika nayo akilia kwa sauti, magari yakipita, dereva mmoja akapunguza mwendo na kumuuliza kama anahitaji msaada. Akampungia aende. Risasi zilipotoka alizitupa mtaroni moja moja, kisha akaifungia rivolva tupu kwenye kisanduku cha vifaa nyuma ya gari.

Simu ikalia. Ilikuwa Royce.

"Bi Ardith, ile ndogo nimeshaiweka kando. Unarudi leo?"

"Hapana."

"Kesho basi?"

"Royce, irudishe kabatini. Wala usiniulize kwa nini, nitakuja kukwambia mwenyewe, ila si leo."

Hakuelekea nyumbani. Alikwenda zahanati, akaomba Janelle aitwe nje, na pale penye maegesho, Tinsley akiwa ndani ya gari na dirisha limefungwa, akamwambia bintiye yote. Alianza na choo akamaliza na Colby. Hakuficha ule uongo aliomwambia Royce, wala yule naibu wa sherifu aliyempita, wala kwamba alikuwa amekubali kunyamaza. Rangi ilimtoka Janelle mpaka midomoni. Bi Ardith alipomaliza, Janelle akafungua mlango wa gari, akamshika mtoto wake mikono, akavitazama vile vidole kwa muda mrefu, mbele na nyuma, kama anavyotazama jeraha la mgonjwa.

"Haji tena kwako, Mama," akasema bila kugeuka.

"Najua."

"Sijui mpaka lini. Usiniulize."

"Sikuulizi."

Janelle akasimama wima, akajifuta macho kwa mkono wa sare. "Mama yake Colby anajua?"

"Hajui. Waliona asiambiwe."

"Waliona?" Sauti ya Janelle ilipanda mpaka mlinzi wa zahanati akageuka. "Kama angekuwa Tinsley aliyesimama pale mlangoni, ungetaka wao waone? Panda gari. Na utasema wewe, siyo mimi."

Wakaenda wote watatu, wamebanana kwenye kiti kimoja cha pikapu, Tinsley akiwa bado anaulizia barafu.

Maribeth, mama yake Colby, alikuwa barazani anamenya mahindi. Hajatimiza hata miaka thelathini, na yeye pia alipanda basi la Bi Ardith. Alipowaona akainuka, akajipangusa mikono kwenye kaptura, uso umechangamka, maana habari za lile shauri zilishamfika kama zilivyomfika kila mtu.

"Bi Ardith! Karibuni, kuna chai ya barafu ndani. Haya niambie, umeshanunua ya pili?"

Kutoka ndani ya nyumba ilisikika katuni, na mtoto anacheka.

"Maribeth," Bi Ardith akasema, "nina neno, na nitalisema nikiwa nimesimama. Leo asubuhi nilisahau bastola yangu chooni kanisani, ina risasi. Tinsley akaiokota. Akamwelekezea Colby akavuta. Alivuta kwa nguvu zake zote. Haikulia kwa sababu ni ngumu, si kwa sababu nyingine yoyote."

Maribeth alibaki na tabasamu usoni, halina mwenyewe. Alimtazama Janelle, kama anayeuliza kama mama mtu mzima huyu yuko sawa kichwani, na Janelle akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Mahindi yakamtoka mkononi.

"Colby!" akaita. "Colby, njoo hapa. Njoo sasa hivi!"

Mvulana akaja mbio, miguu mitupu, kidevu kina jemu. Maribeth akapiga magoti, akamvuta, akamfunua fulana mpaka shingoni. Akampapasa kifua chote, mbavu kwa mbavu, akamgeuza akampapasa mgongoni, akamgeuza tena. Mtoto akacheka kwa kutekenywa, akamwambia aache, lakini mama hakuacha. Aliendelea kutafuta.